Msifute Kioo, Fungueni Dirisha

Kila baridi inapoingia Amerika ya Kaskazini, watu wanaolala ndani ya vani huanza upya mjadala uleule. Asubuhi vioo vimelowa, matone yanachuruzika hadi kwenye godoro, na mbao za ukutani zimeanza kuota kuvu. Aliyewasha hita ya gesi usiku kucha hulaumiwa kidogo, kisha hupewa dawa. Nunua mashine ndogo ya kukausha hewa. Weka makopo ya chumvi inayonyonya unyevu. Ongeza sufi ya kuzuia baridi ukutani. Futa kwa taulo, kunywa kahawa, endelea na safari. Habari ya sumu ya moshi ina fungu lake pembeni: ukiwa na king'ora cha kaboni monoksaidi, na hita iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inafaa kutumika ndani, basi hilo umelimaliza.

Huo ndio msimamo uliozoeleka, na wanaoushikilia si wajinga. Wengi ni mafundi waliojenga vani zao kwa mikono yao wenyewe. Tatizo ni kwamba wamelipasua jambo moja vipande viwili: unyevu wameuita kero, moshi wameuita hatari. Nasema mgawanyo huo hauna msingi. Maji yanayochuruzika kwenye kioo na moshi unaodhuru vimezaliwa na moto mmoja, na vina mlango mmoja tu wa kutokea. Kama maji yameshindwa kutoka, moshi nao haukutoka. Anayekausha kioo bila kubadilisha hewa amemfukuza shahidi na kumwacha mtuhumiwa kitandani.

Asiyeamini kwamba gesi hutoa maji hahitaji kwenda Colorado. Achukue sufuria baridi na kavu, aiteleke juu ya jiko la gesi nyumbani kwake, kisha ainyanyue baada ya sekunde chache na kupitisha kidole chini yake. Atakuta imelowa. Propani ni kaboni na haidrojeni, na haidrojeni ikiungua huwa maji. Haina njia nyingine. Kwa kila gramu 44 za propani zinazoungua vizuri hutoka gramu 72 za maji na gramu 132 za kaboni dayoksaidi. Yaani kilo moja ya gesi huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Ule mtungi wa kilo 6 unaopangwa nje ya maduka ya mitaani Dar es Salaam na Nairobi, hata kama gesi yake imechanganywa na butani, ukiisha unakuwa umemwaga hewani zaidi ya lita 9 za maji. Jikoni kwetu hatuyaoni kwa kuwa dirisha li wazi, mlango u wazi, na mara nyingi kati ya ukuta na paa pana nafasi ya kupita paka.

Sasa tuihamishie hesabu hiyo ndani ya gari. Hita ndogo zisizo na bomba la kutolea moshi, zile zinazobebwa kwa mkono na kufungwa mtungi wa kijani wa gramu 454, kwa kawaida zina ngazi ya chini ya BTU 4,000 kwa saa, sawa na wati 1,170 hivi. Kwa ngazi hiyo zinachoma gramu 84 za propani kila saa na kutoa gramu 137 za maji. Watu wawili waliolala hutoa mvuke wa gramu 80 hivi kwa saa kwa kupumua na kutokwa jasho. Jumla ni gramu 217. Vani ndefu yenye paa la juu, kama Ford Transit au Mercedes Sprinter, ukishaondoa kitanda na makabati hubakiwa na hewa ya mita za ujazo 11 hivi, na hewa yenye nyuzi joto 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 za maji kwa kila mita ya ujazo. Vani nzima, basi, ina nafasi ya gramu 190. Saa moja haijapita na hewa imeshashiba. Kinachofuata kinatafuta pa kukaa, na pa kukaa ni pale penye baridi: kioo, mbavu za bati, vichwa vya skrubu, nyuma ya godoro. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa mvua yenyewe imeshanyesha ndani ya gari na watu bado wanabishana kuhusu aina ya taulo.

Mpaka hapo wapinzani wangu wananikubalia. Hata wao huita joto la propani joto lenye unyevu. Wanachokataa ni hatua inayofuata, na hiyo ndiyo yenye uzito.

Hakuna vani isiyovuja kabisa, kwa hiyo nitawapa unafuu. Tuseme hewa yote ya ndani inabadilishwa mara moja kila saa kupitia nyufa za milango, na nje ni nyuzi sifuri. Moto ule mdogo unatoa lita 137 hivi za kaboni dayoksaidi kwa saa, na waliolala wanaongeza lita 27 hivi. Gawanya kwa mita za ujazo 11 zinazoingia na kutoka: hewa unayovuta usiku kucha inatulia kwenye asilimia 1.5 ya kaboni dayoksaidi. Kiwango cha juu ambacho sheria za kazi za Marekani zinaruhusu mfanyakazi akivute kwa zamu ya saa nane ni asilimia 0.5. Mara tatu ya hapo, mtu huweza kuamka na kichwa kizito, amechoka kuliko alivyolala, na kumwambia mwenzake kwamba ni ile kona mbaya ya mlimani iliyomchosha jana.

Kuna kifaa kinachosifiwa kwamba kinalinda hapo. Hita hizi zina kidhibiti kinachozima gesi oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi karibu 18. Ni kifaa kizuri na bila shaka kimeokoa watu, sitakitukana. Lakini rudi kwenye hesabu. Katika vani hiyohiyo inayobadilisha hewa mara moja kwa saa, moto na mapafu vinakula oksijeni lita 260 hivi kwa saa, na kiwango kinatulia kwenye asilimia 18.5. Kidhibiti hakitazima chochote. Kitakaa kimya hadi asubuhi, nawe ukivuta hewa ambayo mkaguzi wa kiwanda angeifungia kazi, kwa sababu hakikutengenezwa kupima kaboni dayoksaidi, wala kaboni monoksaidi, wala maji. Kinachofanya ni kuangalia kama kimwali kidogo cha kuwashia bado kinagusa kipima joto chake. Oksijeni ikipungua, kimwali hunyanyuka, kipima joto hupoa, gesi hufungwa. Basi.

Kifaa hichohicho huzingua ukipanda milimani. Juu ya mita 2,100 hivi hewa ni nyepesi na kimwali huweza kunyanyuka hata kama madirisha yote yako wazi. Denver iko mita 1,600, hakuna shida. Endelea magharibi hadi Leadville, karibu mita 3,100, ndiko baridi ya kweli iliko, na ndiko hita inakataa kuwaka. Wapo wanaofundishana namna ya kukichezea kidhibiti ili moto uendelee. Sijui nitumie neno gani la heshima kwa jambo hilo, kwa hiyo napita.

Ni wenzetu wanaotumia mkaa wanaoielewa hatari ya moto ndani ya chumba kilichofungwa kwa uchungu zaidi, ingawa kwa njia ya kinyume. Kila kipupwe, kuanzia Makete hadi Limuru, husikika habari ya familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga dirisha, na isiamke. Sehemu kubwa ya mkaa ni kaboni. Haidrojeni yake nyingi iliondoka tanurini pamoja na moshi mweupe. Kwa hiyo jiko la mkaa halilowanishi chumba. Kioo kinabaki kikavu, joto ni tamu, hakuna harufu wala machozi, na kaboni monoksaidi inajaa. Himoglobini ya damu huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Aliyelala hana wa kumwambia kwamba kichwa kinamuuma.

Nayaleta haya kwa sababu ndiyo yanayobomoa hoja ya mashine ya kukausha hewa. Anayeinunua anadhani amefanya vani yake iwe kama chumba chenye afya, ilhali amefanya iwe kama chumba chenye jiko la mkaa: hewa chafu, kioo kikavu. Ashukuru kwamba mashine nyingi ndogo za volti 12 ni dhaifu, hukusanya mililita mia chache tu kwa siku, wakati moto na watu wawili wanamwaga karibu lita moja na robo tatu kwa usiku mmoja wa saa nane. Udhaifu wa mashine ndio unaomwacha aendelee kuonywa. Kioo kinachochuruzika ni ushahidi tosha kwamba hewa haibadilishwi vya kutosha. Kioo kikavu peke yake hakithibitishi kitu.

"Lakini kaka, nina king'ora." Vizuri, na usikitoe. Nunua kile kilichotengenezwa kwa ajili ya magari ya kulala na boti. Ulaya kina kiwango chake maalumu, EN 50291-2. Ila ujue kinachoahidiwa. Kwa kanuni za Marekani, king'ora cha nyumbani kinatakiwa kulia kaboni monoksaidi ikifika sehemu 70 kwa milioni na kukaa hapo kati ya saa moja na saa nne. Kwenye sehemu 30 kinatakiwa kisilie kwa siku 30, ili kisisumbue watu. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa siku nzima usizidi miligramu 4 kwa mita ya ujazo, ambayo ni kama sehemu tatu na nusu. Kati ya tatu na nusu na 70 kuna uwanja mpana ambao king'ora kinautazama kimya, na kaboni dayoksaidi hakiioni kabisa. King'ora ni cha kukuamsha usife. Anayekichukua kama cheti cha hewa safi amekipa kazi ambayo hakikuiomba. (Na wanaokifunga chini karibu na sakafu kwa kudhani kaboni monoksaidi ni nzito: hapana, ni nyepesi kidogo kuliko hewa. Inayotulia sakafuni ni propani ambayo haijaungua, na hiyo ina king'ora chake.)

Hoja kubwa zaidi ya upande wa pili, ile ambayo kila mtu huitoa akiwa amejikunyata, ni joto. Nimewasha moto ili nipate joto. Ukiniambia nifungue dirisha unanichekesha. Ni hoja ya mtu mwenye baridi na inastahili jibu la namba. Tuseme unataka ndani pawe na nyuzi 15 nje pakiwa sifuri. Ukipitisha mita za ujazo 60 za hewa kwa saa, kazi ambayo feni ya paa inaifanya kwenye mwendo wake wa chini kabisa, kuipasha hewa hiyo kunakula wati 300 hivi. Hita inatoa 1,170. Umelipa robo.

Umenunua nini kwa robo hiyo? Kaboni dayoksaidi imeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.3. Oksijeni iko juu ya 20, kwa hiyo moto unaungua inavyotakiwa na kutoa kaboni monoksaidi kidogo sana. Unyevu wa hewa umeshuka kiasi kwamba kioo kitupu kitapata ukungu, lakini hakitachuruzika. Angalia kwamba sikuhitaji vipimo viwili. Kiasi kilekile cha hewa kinachotosha kuondoa maji ndicho kinachotosha kuondoa gesi, kwa kuwa vinatoka pamoja.

Na hiyo robo yenyewe si hasara yote kama inavyoonekana. Asilimia 8 hivi ya joto lililomo kwenye propani husafiri limejificha ndani ya mvuke. Linaachiliwa pale tu mvuke unapogeuka maji, na mvuke unageuka maji kwenye kioo na kwenye bati, sehemu ambazo kazi yake ni kulipeleka joto nje. Aliyeziba kila ufa anapasha moto dirisha lake. Kisha ongeza begi la kulalia la manyoya ya bata ambalo limenyonya unyevu kwa siku kadhaa, manyoya yameshikana, halina tena ule uvimbe unaotunza joto. Mtu huyo anaongeza moto kwa sababu anasikia baridi, na anasikia baridi kwa sababu ya maji ya moto wa jana.

Kuhusu kuongeza sufi na kuziba ukuta kwa nailoni, nitakuwa mfupi. Ndani ya nyumba yenye kuta zilizonyooka inawezekana kuzuia mvuke usifike kwenye ubaridi. Ndani ya vani, yenye mbavu za chuma, mikunjo, mashimo ya waya na skrubu mia kadhaa, hakuna aliyewahi kuziba kila kitu. Mvuke utapita, utafika kwenye bati nyuma ya sufi, na utageuka barafu mahali usipopaona mpaka kutu itokeze. Sufi ni nzuri kwa joto. Kuiachia sufi kazi ya dirisha ni kuionea.

Mtu akiniuliza basi alale na baridi, nitamwambia aende akamtazame dereva wa lori. Barabara kuu za Marekani na Kanada zina madereva wengi wenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo, watu wanaolala ndani ya kabini kuanzia Minnesota hadi Alberta katika baridi ambayo mwenye vani hawezi kuisogelea kwa kujifurahisha. Lori lenye hita ya kulalia huwa na ya dizeli, ya Webasto au Eberspächer au ya kufanana nazo, ambayo inavuta hewa ya kuchoma kutoka chini ya gari na kutupa moshi nje kwa bomba. Hewa ya chumbani inapita upande wa pili wa chuma cha moto na kurudi, haikutani na moshi hata kidogo. Hiyo ni hita inayokausha kweli, kwa sababu maji ya mafuta yake yanaishia barabarani. Zipo za gesi zilizojengwa kwa mtindo huohuo, za Truma na za Propex. Na kanuni ya Marekani inayosimamia magari ya kulala ya kiwandani, NFPA 1192, inataka kila chombo kinachochoma mafuta, isipokuwa jiko la kupikia, kitenganishwe kabisa na hewa wanayovuta watu. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa wanashughulikia ukungu wa vioo. Ila anayejijengea vani yake uani haulizwi na mtu.

Ukweli ni kwamba hita isiyo na bomba inashinda kwa mambo mawili: bei na urahisi. Unainunua, unaifunga mtungi, unawasha. Huhitaji kutoboa sakafu wala kuwa na betri. Sina ugomvi na hilo. Anayeitumia nusu saa jioni kabla ya kulala na nusu saa alfajiri, feni ikizunguka na dirisha la mbele likiwa limeachwa wazi upana wa vidole viwili, kisha akaizima na kujifunika vizuri, sina la kumwambia. Blanketi la umeme la volti 12 linakula wati 50 hivi na halivuti pumzi ya mtu. Chupa ya maji ya moto miguuni ni ya zamani kuliko propani. Mwili ukiwa na joto, hewa ya nyuzi 8 puani haimuui mtu. Ugomvi wangu ni na moto wa usiku kucha katika chumba kilichofungwa, na ushauri unaoufanya uonekane kuwa salama. Taasisi ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani, CDC, inakadiria zaidi ya watu 400 nchini humo hufa kila mwaka bila kukusudia kwa kaboni monoksaidi isiyotokana na ajali ya moto. Wengi wao ni wa majumbani, si wa vani, lakini gesi ni ileile na usingizi ni uleule.

Kwa atakayesema hesabu zangu ni za mezani, kipimo kipo na hakigharimu kitu. Mtu wetu anayeishi ughaibuni ana ile mizani ya mkono ya kupimia mabegi ya safari ya nyumbani. Apime mtungi wa hita kabla ya kulala, aupime tena asubuhi, kisha azidishe tofauti kwa 1.6. Hayo ndiyo maji ambayo moto ulitengeneza usiku, bila kuhesabu pumzi zake. Akamue taulo alilofutia vioo ndani ya chupa na kulinganisha. Kama alifungua dirisha, kilichopungua kimetoka nje na moshi wake. Kama hakufungua na bado chupa haijafikia hesabu, aanze kufungua mbao za ukutani atafute yalikokwenda.